Jicho Jekundu Baada ya Dawa ya Saratani



Zipo dawa za saratani, kama pembrolizumabu na nivolumabu, zinazoifungulia kinga ya mwili breki ili ipambane na ugonjwa. Ugunduzi huo uliwapa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Lakini kinga iliyoachiwa inaweza kugeukia mwili wenyewe, hata macho. Huwapata wagonjwa wachache. Jicho huwa jekundu, huuma, huchukia mwanga au huona ukungu. Likiwahiwa, mara nyingi matone ya steroidi hulituliza na tiba huendelea. Likichelewa, laweza kupofuka.

Hatari yetu iko hapa: mgonjwa hurudi kijijini kungoja dripu inayofuata, wiki tatu hivi. Jicho likiwa jekundu tunasema ni vumbi, tunamnunulia dawa dukani. Ndugu zetu, tusifanye hivyo. Mpigieni simu daktari wake wa saratani siku hiyo hiyo, mumfikishe kwa daktari wa macho. Wala asiache tiba kwa uamuzi wake.

Safari hiyo inahitaji nauli. Ndiyo maana mwaka huu tunaomba sehemu ya michango iwe mfuko wa nauli za wagonjwa. Kidogo ulicho nacho kinaweza kuokoa jicho la jirani.