Ziwa la Mtaa na Samaki Wanaokonda



Kusini mwa Marekani mitaa mingi imejengwa kuzunguka maziwa madogo, ambayo mengi yalitokana na kijito kuzuiwa kwa tuta la udongo. Ziwa ni la wenye nyumba wote, na chama chao ndicho huamua nani avue na avue nini. Humo hupandikizwa hasa aina mbili: besi mwenye mdomo mpana, ambaye ni mla samaki, na blugili, samaki bapa wa kiasi cha kiganja anayekula zaidi wadudu. Jozi hii ilichunguzwa kwa miaka mingi na Homer Swingle wa Auburn, Alabama. Alipandikiza samaki mabwawani, kisha akayakausha ili ahesabu na kupima waliomo. Matokeo makubwa ya kazi hiyo aliyachapisha mwaka 1950.

Kila bwawa lina kiasi cha samaki linachoweza kulisha. Blugili jike hutaga maelfu ya mayai na dume hulinda kiota; mlaji akipungua, maji hujaa samaki waliodumaa. Mfugaji wa perege hapa kwetu anaifahamu hasara hiyo, na ndiyo sababu wengine huchanganya perege na kambale.

Ugonjwa ulionileta mbele yenu ni wa upande wa pili, nao huletwa na huruma. Wavuvi wa burudani wanampenda besi mno hata kila wanayemnasa humrudisha majini. Besi wanazidi, wanamaliza vifaranga vya blugili, hatimaye wanabaki blugili wakubwa wasioingia mdomoni na besi wenye vichwa vikubwa na matumbo yaliyobonyea, waliokwama kwenye sentimita 30 au chini yake. Wakazi wakiona samaki wamekonda, huchanga fedha wanunue besi wengine. Naliona hilo kuwa kosa la kusikitisha kuliko yote, kwa sababu linafanywa na watu wanaolipenda ziwa lao kwa dhati: wanaongeza walaji penye njaa.

Kipimo cha kuanzia ni chepesi. Katika kila besi 100 waliofika sentimita 20, ni wangapi wamefika 30? Wakiwa kati ya 40 na 70, ziwa kwa kawaida lina uwiano mzuri. Wakiwa wachache zaidi, na wale wadogo wamekonda, wapunguzwe. Chama kinaweza kuagiza kwamba besi wa sentimita 30 hadi 38 warudishwe, na walio wafupi kuliko hao wapelekwe jikoni. Najua agizo hilo linawakwaza wasikilizaji wa hapa. Sisi tumelelewa katika marufuku ya kuvua wadogo, na kanuni ya sangara iliyowekwa Ziwa Victoria ilitaka wavuliwe wa sentimita 50 hadi 85, wadogo waachwe. Kanuni hizi mbili hazipingani. Sangara anasakwa na maelfu ya mitumbwi. Besi wa mtaani hana anayemla.

Hata hivyo, vipimo havimwambii mtu atake nini. Ziwa lenye besi wengi waliokonda ndilo hutoa blugili wakubwa, kwa kuwa vifaranga wachache wanaosalimika hupata chakula tele. Mzee anayetaka wajukuu wanase blugili wa kujaza sahani atasema ziwa liachwe lilivyo, na kwa haja yake atakuwa sahihi. Jirani anayeota besi wa kilo 4 atadai wapunguzwe. Hapo mwanasayansi anyamaze, wakazi wajadiliane na wapige kura. Uamuzi ukishapita, daftari liwekwe gatini, na kila anayevua aandike urefu, uzito, na kama samaki amerudishwa au amechukuliwa. Bila daftari hilo, mwaka ujao watabishana upya kwa kukisia.