"Joto la Kiasi" Ni Nyuzi Ngapi?

Nina dada yangu Tabata anayeangua vifaranga kwa mashine. Ukimwuliza joto la mayai liweje, atakujibu, "Liwe la kiasi." Likizidi kidogo, apunguze taa kidogo, likizidi sana, azime. Kompyuta ukiiachia mambo yake hailijui hilo neno "kidogo". Yenyewe ni ndiyo au siyo: chini ya nyuzi 38 washa, juu yake zima, na taa zinawaka na kuzimika kutwa nzima kama zina kichaa.

Dawa yake ilipatikana zamani. Mwaka 1965 Profesa Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza kwamba kitu kinaweza kuwa ndani ya kundi kwa kadiri, joto likawa "kali" nusu na "sawa" nusu. Wenyewe huiita mantiki ya fazi. Miaka kumi baadaye Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa hapa hapa Tanzania (jambo ambalo mimi shuleni sikulisikia hata siku moja), alichapisha pamoja na mwanafunzi wake Assilian habari za injini ndogo ya mvuke waliyoiongoza huko London kwa kanuni za maneno: kama hivi, basi vile. Mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za Sendai, Japani, zikaanza kuendeshwa kwa mantiki hiyo.

Sasa mpwa wangu, mtoto wa dada huyo, anaandika kile ambacho watu wa kompyuta huita maktaba, yaani vipande vya programu vilivyo tayari ili mwingine avichukue na kuvitumia bila kuanza upya. Anataka hata asiyejua hesabu aiweze. Unaandika kanuni kama unavyozungumza, "Kama joto ni kali, basi taa ni hafifu," na hesabu inafanywa ndani kwa ndani. Hapo nampongeza.

Lakini alirahisisha mno. Ukiitajia maktaba yake mpaka wa chini na wa juu, tuseme nyuzi 30 na 40, ilijigawia yenyewe: baridi, sawa, kali. Akamwonyesha mama yake mchoro kwenye kioo cha kompyuta. Ncha ya "sawa" ilisimama kwenye 35.

"Nani kakwambia 35 ni sawa?"

"Ndiyo katikati, mama."

"Katikati ya nini, mwanangu? Mayai yanataka 37 na nusu. Kwa hiyo 35 yako utaangua nini?"

Kijana alinitazama mjomba wake nimwokoe. Sikuwa na la kusema.

Ameifumua. Siku hizi maktaba yake inagoma kufanya kazi mpaka uiambie kila neno linaanzia wapi na linaishia wapi. Ukisahau, haikutupii maandishi ya kutisha. Inasema tu kwamba neno "kali" hujalieleza. Na ukiiuliza kwa nini imepunguza taa, inajibu: joto ni 38, "sawa" nusu, "kali" nusu. Analalamika kwamba imekuwa ngumu kwa anayeanza. Mimi naona ugumu huo ni wa haki, kwa sababu namba hizo anazijua mwenye mayai, hazijui mwandika programu.

Trei ya kwanza iliingia mashineni Jumamosi. Vifaranga ni siku 21. Dada bado anaamka usiku kutazama kipimajoto.