Kidonda Kimekauka, Ugonjwa Umebaki

Mazungumzo ya tabibu na wakazi wa kambi, siku ya kliniki



Leo tuongee jambo ambalo wengi mnaniletea kwa kunong'ona, tena mkiwa mmechelewa: magonjwa ya zinaa na magonjwa mengine ya sehemu za siri. Sitamtaja mtu wala sitamwaibisha mtu. Malaria haituaibishi, haya nayo ni magonjwa, na mengi yanapona kabisa yakitibiwa.

Kwanza, dalili. Mwanamume hutokwa na usaha, au husikia maumivu akikojoa. Mwanamke hutokwa na uchafu usio wa kawaida ukeni, huwashwa, au huumwa chini ya kitovu. Wote wawili waweza kupata vidonda sehemu za siri au mtoki. Ukiona mojawapo, njoo zahanati siku hiyo hiyo.

Lakini jihadharini, kwa maana dalili hudanganya. Kidonda cha kaswende mara nyingi hakiumi, na baada ya wiki chache hukauka chenyewe hata bila dawa. Mtu hufurahi, husema amepona. Kumbe ugonjwa umebaki mwilini. Mama mjamzito mwenye kaswende anaweza kumwambukiza mtoto tumboni, mimba ikaharibika au mtoto akazaliwa mfu. Kwa hiyo kila mama mjamzito apimwe mapema, hata kama hasikii maumivu. Tone la damu ya kidole linatosha, na dawa yake ni sindano ya penisilini.

Kisonono na klamidia nazo hujificha. Wanawake wengi wenye magonjwa haya hawaoni dalili yoyote. Yasipotibiwa hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuweza kuleta ugumba. Mtoto naye anaweza kuambukizwa macho wakati wa kuzaliwa, hata akawa kipofu. Ndiyo sababu mkunga humpaka mtoto dawa ya macho mara anapozaliwa.

Wengine huuliza: "Tabibu, mbona umenipa dawa za aina mbili tatu?" Ni kwa sababu dalili moja yaweza kuletwa na vijidudu zaidi ya kimoja, nasi tunavitibu vyote kwa pamoja bila kukuacha usubiri. Ukitumia dawa moja na kuacha nyingine, au ukiacha katikati kwa kuwa umepata nafuu, umebaki na ugonjwa. Wala usinunue vidonge viwili vitatu sokoni. Dawa nyingi zilizotibu kisonono zamani hazikiwezi tena leo.

Sasa nakuja kwenye jambo kubwa. Ukitibiwa peke yako ukarudi kwa mwenzi asiyetibiwa, utaambukizwa tena. Mlete mwenzi wako. Msikutane kimwili mpaka nyote wawili mmetibiwa na siku 7 zimepita. Baada ya hapo, kondomu itawakinga.

Najua hapa ndipo nyumba huvunjika. Baba, kabla ya kumfukuza mkeo, sikiliza. Si kila uchafu wa ukeni ni ugonjwa wa zinaa. Fangasi huwapata hata wanawake wasio na mume. Tena klamidia yaweza kukaa mwilini miezi mingi bila kuonekana. Dawa zetu hutibu. Hazituambii nani alitangulia kuugua. Na wewe mama, ukiogopa kumwambia mumeo, niambie mimi, tushauriane namna ya kumwita bila kukuweka hatarini.

Kuna na wale ambao hawakuchagua. Aliyebakwa, awe alikwenda porini kutafuta kuni au alikuwa nyumbani kwake, hana kosa. Aje upesi, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Dawa ya kuzuia mimba yaweza kutolewa hadi siku 5. Hata muda huo ukipita, aje, bado kuna msaada.

Mwisho, kumbukeni kuwa kidonda ni mlango wa virusi vya Ukimwi. Hapa Tanzania, mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, vijiji vilivyopata matibabu bora ya magonjwa ya zinaa vilipata maambukizo mapya ya virusi hivyo pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko vijiji vingine. Tafiti nyingine zilizofuata hazikupata matokeo hayo, lakini faida ya kutibu ugonjwa wenyewe haina ubishi. Basi mkija kutibiwa, pimeni na Ukimwi pia.

Njoo mapema, maliza dawa, mlete mwenzi. Na wewe unayejua kusoma, msomee jirani yako asiyejua.