Chuma Karibu na Kichwa: Kizimba cha Rali Ndani ya Gari la Barabarani



Vijana wenye magari ya kasi, wengi wao wa Subaru Impreza zilizotoka Japani, huniuliza swali moja kuliko mengine yote. Nikifunga ndani ya gari langu kile kizimba cha chuma wanachofunga watu wa rali, nitakuwa salama zaidi nikienda nalo kazini na kurudi? Jibu langu nalitoa mapema. Kwa gari la kila siku, linaloendeshwa na mtu asiyevaa helmeti, kizimba kizima chenye mabomba kando ya vioo na juu ya paji la uso huongeza hatari katika aina za ajali zinazotokea mara nyingi, na huipunguza katika zile zinazotokea kwa nadra. Muda uliobaki nitautumia kueleza kwa nini nasema hivyo, kwa sababu nawajua wanaouliza, na sitaki mmoja wao afe kwa kitu alichokinunua ili kimwokoe.

Kwanza nikipe kizimba haki yake. Januari 2022, katika Rali ya Monte Carlo, Adrien Fourmaux na msomaji wake wa ramani, Alexandre Coria, walitoka barabarani na Ford Puma yao ikaporomoka bondeni ikibingirika. Wote wawili walitoka salama. Anayekwenda Naivasha kutazama Safari Rally, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, huyaona mabomba hayo kila mlango unapofunguliwa, na ni rahisi aondoke akiamini kwamba mabomba ndiyo yaliyofanya kazi yote.

Tazameni basi aliyeketi katikati ya mabomba hayo. Amefungwa mkanda wa pointi sita, kamba zake mbili zikipita kati ya mapaja. Kiti chake hakiegemezwi nyuma wala mbele, na kina mabawa yanayokumbatia kichwa kushoto na kulia. Amevaa helmeti, na helmeti imefungwa kwa kamba fupi kwenye kola ngumu iliyokaa mabegani, kifaa kiitwacho HANS. Kola hiyo ni kazi ya Robert Hubbard, profesa wa Chuo Kikuu cha Michigan State, na shemeji yake Jim Downing, dereva wa mashindano. Waliianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya rafiki yao, Patrick Jacquemart, kufa kwenye sakiti ya Mid-Ohio mwaka 1981. Mwili wake ulishikwa na mkanda, kichwa hakikushikwa na chochote. Ulimwengu wa mbio uliipuuza kola hiyo karibu miaka 20, hadi dereva Dale Earnhardt alipofariki katika mbio za Daytona Februari 2001. Formula 1 iliilazimisha mwaka 2003. Kila kimoja cha vitu hivi kipo ili kichwa kisilifikie bomba, au kikilifikia kiwe ndani ya helmeti. Hata hivyo shirikisho la kimataifa la mbio za magari, FIA, bado linataka kila sehemu ya bomba inayoweza kuguswa na helmeti ivikwe povu maalumu lililopimwa. Povu hilo limetengenezwa kwa kukutana na helmeti. Ni gumu, na fuvu tupu halikuwamo katika hesabu zake.

Nataka tukae hapa kwenye hesabu, maana ndipo penye kiini cha jambo lenyewe.

Gari likigonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa, pua yake hujikunja, tuseme sentimita 60. Umbali huo mfupi ndio uhai wa aliyemo ndani. Akiwa amefunga mkanda, husimama pamoja na gari kwa wastani wa g 16 hivi, yaani mara 16 ya mvutano wa dunia, na mtu mzima mwenye afya hulistahimili hilo kwa muda mfupi kama ule. Sasa chukueni kichwa kinachokwenda kwa kilomita 24 kwa saa kikutane na bomba la chuma. Bomba halibonyei. Ngozi na nywele zitatoa labda milimita 5. Hesabu ileile hutupa zaidi ya g 450. Wekeni badala yake povu laini linalobonyea milimita 40, na g hushuka hadi chini ya 60. Mwendo ni uleule na kichwa ni kilekile, ila kimepewa nafasi ya kusimama. Tena bomba lina kipenyo cha milimita 38 tu, kwa hiyo nguvu yote hukusanyika kwenye ukanda mwembamba wa mfupa.

Sikuuchagua mwendo wa kilomita 24 kwa kubahatisha. Marekani ilipoongeza masharti mwaka 1995 katika kanuni yake ya 201, ilitaka nguzo na kingo za dari za gari zipimwe kwa kichwa bandia kinachorushwa kwa mwendo huo. Kanuni ya 21 ya Umoja wa Mataifa hupima dashibodi kwa mwendo unaokaribiana sana na huo, na haikubali g 80 zipitwe kwa zaidi ya milisekunde 3. Plastiki ile nyepesi inayofunika nguzo ya gari lenu, ambayo fundi huing'oa na kuitupa ili kizimba kipate nafasi, ina mbavu na upenyo nyuma yake vilivyopimwa namna hiyo. Inaonekana kama pambo. Ukiitoa na kuweka chuma kitupu sentimita chache kutoka kwenye sikio, umeiondoa kazi ya miaka mingi ya wahandisi.

Mtaniambia kichwa hakifiki pale, mkanda nimefunga. Kinafika. Mkanda hunyooka, bega huteleza, na gari likigongwa ubavuni mwili hubaki mahali pake wakati mlango unaujia. Watengenezaji wasingetumia fedha kuweka pazia la hewa juu ya milango kama kichwa hakifiki pale. Na pazia hilo hushuka kutoka ukingo wa dari ndani ya sehemu chache za mia za sekunde, likifuata njia ambayo bomba la kizimba limekwisha kuikalia. Fundi anayepitisha bomba hapo hawezi kumwambia mwenye gari pazia litafunguka vipi, kwa sababu hakuna aliyelipima gari hilo likiwa hivyo.

Gari la barabarani nalo lina kizimba chake, kimefichwa ndani ya bati. Béla Barényi wa Mercedes-Benz alisajili mapema miaka ya 1950 wazo la kulifanya gari lijikunje mbele na nyuma huku chumba cha watu kikibaki kigumu, na mwaka 1959 likaingia katika magari ya kuuzwa. Mwaka huohuo Nils Bohlin wa Volvo alileta mkanda wa pointi tatu. Nguzo za magari ya leo ni chuma kigumu mno kinachoshinda misumeno mingi ya kawaida. Kwa upande wa dari, sheria ya Marekani ilitaka tangu mwaka 1973 istahimili mara 1.5 ya uzito wa gari, na mwaka 2009 ikaamuliwa ipande hadi mara 3. Kwa hiyo anayefunga kizimba kwenye gari la miaka hii anaongeza ugumu mahali ambapo ugumu haukuwa umepungua sana.

Kupinduka, hata hivyo, ni jambo zito na sitalipita. Kwa miaka mingi takwimu za Marekani zimeonyesha kwamba magari yanayopinduka ni asilimia 3 hivi tu ya ajali zote, lakini yanabeba karibu theluthi moja ya vifo vya waliomo ndani ya magari. Hoja ya watetezi wa kizimba iko hapo, na ina uzito. Lakini wengi wa waliokufa hivyo hawakuwa wamefunga mkanda, na walirushwa nje. Kizimba hakimzuii mtu kurushwa. Mkanda ndio unaomzuia. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa hadi nusu. Nikiwa na shilingi moja ya kutumia katika usalama wa dereva kijana, naiweka kwenye mkanda, kwenye matairi na kwenye breki kabla sijalifikiria bomba.

Na mkanda ndio unaoharibiwa kwanza. Akishafunga kizimba, kijana hung'oa mkanda wa pointi tatu na kuweka wa pointi nne, usio na ule wa kati ya mapaja. Gari likigonga mbele, mabega huvuta mkanda juu, wa kiunoni hupanda kutoka kwenye mifupa ya nyonga hadi tumboni, na mtu huteleza chini yake. Kifua kimebanwa kabisa, kichwa kinaendelea mbele peke yake, na shingo hubeba tofauti. Ndiyo ajali ya Jacquemart. Wapo wanaosema basi nitavaa helmeti nikienda kazini. Bila HANS, helmeti ni kilo moja na nusu hivi iliyoongezwa kwenye shingo ileile, na barabarani inapunguza kusikia honi na kuona pikipiki inayopita ubavuni.

Hata kizimba cha daraja la juu kina mpaka wake. Mwaka 2005, katika rali ya Wales, Peugeot 307 ya Markko Märtin iligonga mti kwa ubavu, na msomaji ramani wake, Michael Park, akafariki. Februari 2011, Robert Kubica alipokuwa katika rali ndogo ya Italia, ukingo wa chuma wa barabara ulipenya ndani ya Skoda yake na karibu umkate mkono. Hayo yalikuwa magari ya mashindano, yenye vizimba vilivyojengwa na watu wanaoijua kazi.

Sasa nizungumze na mafundi, kwa heshima ninayowapa. FIA hutaka nguzo kuu ya kizimba iwe bomba la chuma lisilo na mshono, la milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0, mabomba mengine 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Kila mguu unaofungwa kwa bolti huwekwa juu ya bamba lililochomelewa kwenye bodi, la unene wa milimita 3 na eneo la sentimita mraba 120, kwa bolti tatu za M8 za daraja la 8.8. Kila unapochomelea, uchomelee mzunguko mzima wa bomba. Hapo ndipo penye shida, maana sehemu ya juu ya bomba hukaa karibu kugusa dari na mkono haufiki. Fundi makini hutoboa sakafu akakishusha kizimba, akachomelea juu, kisha akakipandisha na kuziba. Fundi mwenye haraka huchomelea nusu anayoiona na kupaka rangi. Na bomba la fanicha au la maji, lenye mshono, likipigwa pale penye mshono huweza kupasuka na kuacha ncha. Kizimba kama hicho hakiwezi kutetewa barabarani wala kwenye mashindano.

Ipo njia ya kati, na imechaguliwa na watu wenye sababu zote za kuuza zaidi. Porsche huuza 911 GT3 barani Ulaya ikiwa na kifurushi kiitwacho Clubsport: nusu kizimba, nyuma ya viti vya mbele tu, katika gari lisilo na viti vya nyuma. Hakuna bomba kando ya kioo cha mbele wala juu ya paji la uso. Mnunuzi akitaka kushindana, ataongeza sehemu ya mbele na kuvaa helmeti. Nami nawashauri hivyohivyo wenye gari moja la kazi na la sakiti: nusu ya nyuma, ya kufunga kwa bolti, mkanda wa pointi tatu ubaki, viti vya nyuma viondoke, na upimwe umbali wa kichwa hadi bomba kiti kikiwa kimerudishwa nyuma kabisa.

Kuhusu viti vya nyuma sina mjadala. Bomba kuu na lile la mshazari hukaa mbele ya uso wa aliyeketi nyuma, kwa kimo cha mtoto. Nimeona magari ya namna hiyo yakiwashusha watoto shuleni asubuhi. Wakaguzi wa magari wanapaswa kuyarudisha, na wakiniita kuandika kipimo cha kuwaongoza, nitakiandika bila malipo.

Kwa mwenye kizimba kizima tayari, na hawezi kukitoa mwezi huu: akate au afungue mabomba ya mbele kwanza, kuanzia lile la kando ya kioo upande wa dereva. Yale ya nyuma yanaweza kusubiri, mradi hakuna anayeketi nyuma yake.