Askari na Kikombe cha Ramu

Leo tungependa kufikiri pamoja nanyi juu ya swali linaloulizwa katika nyumba nyingi zenye kijana aliye jeshini: Je, yafaa askari aruhusiwe kunywa pombe akiwa amepelekwa vitani, au kulinda amani mbali na kwao?

Wengine wetu kanisani hujibu upesi, "Hapana," kisha tukaona tumemaliza. Wengine husema, "Mwacheni anywe, maana hajui kama ataliona jua la kesho." Kabla hatujachagua upande, na tutazame jinsi jambo hili lilivyokuwa zamani.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918, jeshi la Uingereza liliwagawia askari wake ramu katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji. Ramu ni kileo kikali kitokanacho na miwa. Ililetwa katika mitungi, na kila mtu akapimiwa kidogo, mara nyingi alfajiri, na pengine kabla ya kushambulia. Tusiwacheke watu hao. Walisimama katika matope na baridi, na wenzao waliokufa wamelala karibu nao. Mwaka wa 1922 daktari mmoja aliyekuwa katika jeshi hilo aliiambia kamati iliyochunguza mshtuko wa vita kwamba, bila ramu ile, hadhani kama wangalishinda. Hayo hayakuwa maneno ya mlevi. Yalikuwa maneno ya mganga aliyewaona watu wakiteseka.

Lakini hebu tuyapime. Kileo humfanya mtu ajisikie ana joto, kumbe damu imesogea karibu na ngozi, na mwili unazidi kupoa. Humpunguzia hofu, lakini humpunguzia na busara. Fikirini mlinzi aliye zamu usiku penye kizuizi barabarani. Mtu anakuja gizani. Ni adui, au ni mama anayemkimbiza mtoto hospitalini? Mlinzi ana dakika moja tu ya kuamua, na bunduki i mkononi mwake. Kosa lake halirekebishwi asubuhi, hata akiamka na majuto.

Ndiyo sababu majeshi yenyewe yamebadilika. Wanamaji wa Uingereza walipewa ramu tangu karne ya 17, lakini tarehe 31 Julai 1970 mgao huo ulikomeshwa, kwa kuwa wakuu waliona hauchukuani na kazi ya mitambo ya kisasa. Nao Wamarekani walipopeleka majeshi Saudi Arabia mwaka wa 1990, walikatazwa pombe kwa amri ya jumla.

Biblia nayo yalijua jambo hili. Katika 1 Wafalme mlango wa 20, twamsoma Benhadadi, mfalme wa Shamu, akilewa hemani wakati wa adhuhuri pamoja na wafalme 32 waliomsaidia. Alipoambiwa kwamba watu wametoka Samaria, akaamuru wakamatwe wakiwa hai, wawe wamekuja kwa amani au kwa vita. Ndiyo amri ya mtu aliyelewa! Siku ile ile jeshi lake kubwa likapigwa.

Tena kuna Uria, katika 2 Samweli mlango wa 11. Aliitwa kutoka vitani, akakataa kwenda kustarehe nyumbani kwake huku wenzake wamelala uwandani. Ni nani aliyemlewesha? Ni mfalme Daudi, aliyetaka kuficha dhambi yake mwenyewe. Basi tusimtazame askari anywaye tu, bali tumtazame na yule amiminaye. Mara nyingine mkubwa humpa askari kikombe kwa kuwa ni rahisi kuliko blanketi, rahisi kuliko likizo, rahisi kuliko kukaa naye na kumsikiliza.

Basi jibu letu ni hili: aliyekabidhiwa silaha na uhai wa watu asinywe maadamu yuko kazini huko alikopelekwa. Lakini kukataza peke yake hakutoshi. Katika vita vile vile, Jenerali Pinney wa Divisheni ya 33 ya Waingereza aliwanyima watu wake ramu, akawapa chai. Wakamnung'unikia sana. Je, ni ajabu? Mtu hatulizwi moyo kwa amri.

Mwingine alitumia njia nyingine. Desemba 1915, kasisi wa jeshi wa Kianglikana aitwaye Philip Clayton alifungua nyumba katika mji wa Poperinge, Ubelgiji, karibu na mapigano. Mji huo ulikuwa na vilabu vingi vya kunywea. Nyumbani mwa Clayton hapakuwa na kileo. Palikuwa na chai, vitabu, piano na bustani ya kupumzikia, na juu darini palikuwa na kanisa dogo ambalo altare yake ilikuwa meza ya seremala. Jenerali na askari wa chini waliingia kama ndugu. Hawakulazimishwa, lakini walikuja kwa maelfu, kwa sababu walichokosa sana hakikuwa ramu. Walikosa nyumbani.

Ndugu msikilizaji, hapa ndipo swali linapotugeukia sisi. Askari wetu akikatazwa chupa, sisi tumempa nini? Je, tumemwandikia? Je, tumemtunzia mke na watoto? Akirudi likizo, je, jamaa hawamlaki kwa kumwambia, "Leo utununulie"? Twamtaka awe na kiasi huko mbali, nasi twamngoja njiani na bilauri! Na akiwa halali usiku kwa ajili ya aliyoyaona, yuko nani kati yetu wa kukaa naye mpaka kuche?

Na tuombe. Ee Bwana, uwalinde vijana wetu walio mbali, uwape macho yaonayo wazi na mikono isiyotetemeka. Utufundishe sisi tuliobaki kuwa nyumba wanayoitamani. Amina.