Bima na dereva mpya: je, vijana wanaonewa?
Ndugu zangu, kila mjadala wa bima ukianza, utasikia vijana wanaonewa. Tuelewane kwanza. Sura ya 405 inalazimisha gari barabarani liwe na bima ya thadi pati, hata kama anayeendesha bado ana bango la L. Hiyo si ya gari lako. Ni ya yule mama utakayemgonga akivuka. Kikomo chake ni shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi unadaiwa wewe. Ukitaka gari lako pia lilipiwe, chukua bima kubwa, lakini dereva mpya mara nyingi huongezewa kiasi cha kutoa mfukoni kwanza. Basi mwanasiasa akiahidi kushusha bei, mimi namuuliza: fidia ya yule mama itabaki ngapi?