Deni la Ziwani
Neno la wajumbe wa safari, lililosomwa kwenye harambee ya mwaka



Mwaka juzi mlitutuma watu wanne kupeleka vitabu vya shule nyumbani. Taarifa ya vitabu mlishaipata: vilifika vyote, na hati ya mapokezi ya mwalimu mkuu iko kwa Katibu. Leo Kamati imetuomba tuseme yale ambayo hatukuyaandika kwenye taarifa ile, kwa sababu yanahusu jambo tunalolichangia jioni hii.

Tulikwenda kwa treni hadi Kigoma, tukachukua na vitabu vilivyokusanywa na wenzetu wanaoishi kule. Kutoka hapo tulitaka kushuka kwa maji hadi kwetu, mwambao wa Nkasi. Wakubwa mliomo humu mnaijua safari hiyo kwa meli ya Liemba. Meli ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha wasiiache mikononi mwa adui. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina tunalolijua. Sisi tuliozaliwa kando ya ziwa tunaikumbuka honi yake usiku, na mitumbwi ikikimbilia ubavuni mwake, kwa kuwa vituo vingi havikuwa na gati. Nauli ya mtumbwi ulilipa, lakini mtoto wako alipokewa na mikono usiyoijua, nawe ukashuka nyuma yake bila wasiwasi.

Safari yetu iliangukia wakati Liemba imeegeshwa. Tukapanda boti la mbao, abiria, magunia na masanduku yetu ya vitabu pamoja. Tulipita milima ya Mahale, tukapita Kalya. Usiku ulipoingia, kabla ya kufika Ikola, injini ilizimika. Nahodha alijaribu kuiwasha mpaka mikono ikachubuka. Boti likaanza kwenda linakotaka lenyewe. Ziwa hili, ndugu zangu, kina chake kinafika mita 1,470. Nanga haina pa kushika. Mama mmoja alikuwa na kichanga. Tulikaa kimya, kila mtu na dua yake.

Ulikuwa wakati wa giza, na wavuvi wa dagaa walikuwa kazini. Taa zao zilionekana mbali kama mji uliosimama juu ya maji. Tukawapungia tochi. Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika. Kisha taa moja ikajitenga na nyingine, ikaanza kukua.

Mnaojua uvuvi wa dagaa mnaelewa maana ya taa ile kujitenga. Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, na siku za giza katika mwezi ni za kuhesabu. Wale vijana walikuwa wamekwisha kuwakusanya dagaa chini ya taa yao. Waliwaacha. Walitufunga kamba, wakatuvuta mpaka karibu na alfajiri, hadi kijiji kidogo ambacho hata jina lake hatukuwa tukilijua. Tulipotaka kuwalipa, mwenye mtumbwi alikataa. Alisema, "Ziwa halina mwenyewe, kaka. Leo nyinyi, kesho mimi."

Pwani tulipokewa na mama mtu mzima, shangazi yake yule mvuvi. Hakutuuliza sisi ni akina nani mpaka tulipokuwa tumekwisha kula. Alitupa uji wa moto, kisha ugali wa muhogo na migebuka. Mama mwenye kichanga alipewa kitanda cha mwenye nyumba. Shangazi alipoona masanduku ya vitabu yameachwa nje, alitoa magunia yake mawili ya mahindi akayaweka barazani, ili vitabu vipate mahali pakavu ndani. Tulipomzuia alisema, "Mahindi yakilowa tutayaanika. Kitabu kikilowa mtoto atasoma nini?"

Kifaa cha injini kilitafutwa Ikola, kikachelewa. Tukakaa siku tatu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hatukupewa, tulipewa dagaa tuwaanike. Tuligeuza dagaa juani, Mhasibu wetu akiwa na suruali yake ya ofisini imekunjwa magotini, na watoto wa kijiji wakimcheka. Jioni tulikaa barazani tukiulizana habari za watu, na haikuchukua muda tukagundua kwamba mjomba wao aliwahi kuoa kwetu. Tulipoondoka hatukuwa wageni tena. Tulipeana namba za simu, nasi tukamwambia yule mvuvi kwa kinywa chetu: "Siku ukifika kwetu, hutalala nje."

Ndugu wanachama, hapo ndipo penye uzito.

Mwezi Machi mwaka jana rafiki yetu huyo alishuka kwetu usiku, amempakata binti yake mwenye homa kali, akimpeleka kwenye matibabu. Mvua ilikuwa inanyesha. Mnapajua pwani petu: kushuka kwenye boti ni mchangani, na nyumba ya kwanza ni mbali, juu ya mlima. Hakutaka kuwagonga watu milango usiku wa manane. Alimfunika mtoto kwa turubai la mizigo, wakakaa kando ya magunia ya dagaa mpaka kulipokucha. Asubuhi alitupigia simu huku Dar es Salaam. Hakulalamika. Alisema tu, "Tumefika salama kwenu. Tulilala pwani." Binti alitibiwa akapona, tunamshukuru Mungu. Lakini sisi wanne tulishindwa kujibu. Ahadi yetu ilikuwa imelowa mvua pamoja na yule mtoto.

Hatusemi watu wa kwetu wana roho mbaya. Angegonga mlango wowote angefunguliwa. Tunasema ukarimu wetu unakaa mlimani, na msafiri anashukia pwani.

Ndiyo maana tunaomba mchango wa banda la wasafiri. Serikali ya kijiji imetoa kiwanja karibu na maegesho ya boti. Mawe na mchanga vimekwisha kusombwa na wananchi wenyewe. Tunahitaji saruji, mbao na mabati kwa vyumba viwili, kimoja cha kina mama na watoto, choo, tangi la maji ya mvua, na taa ya sola juu ya mlingoti, inayoonekana kutoka ziwani. Kina mama wa soko la samaki wamekubali kushika ufunguo, kwa kuwa wao ndio wanaoamka wa kwanza.

Wapo waliotuuliza: kwa nini si darasa? Darasa tutajenga, na tulianza na vitabu. Lakini vitabu vile vinasomwa leo kwa sababu mama mmoja tusiyemjua aliyatoa mahindi yake nje. Lile ni deni, na deni hulipwa kabla ya kununua kipya.

Basi anayeweza mfuko mmoja wa saruji, alete mmoja. Anayeweza bati, alete bati. Majina yataandikwa kwenye daftari, na hesabu itasomwa hapa hapa mwakani. Siku taa ile itakapowaka, wa kwanza kualikwa watakuwa yule mvuvi, binti yake na shangazi. Tumekwisha kuwaambia waje kwa boti la usiku.